Seli mbili kati ya 1,300: mtandao unaojirudia unakariri au unashika muundo?

Mwaka 2019 mtafiti Yair Lakretz na wenzake walichukua mtandao wa neva wa aina inayojirudia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, uliokuwa umefunzwa kwa makala za Wikipedia ya Kiingereza, wakaanza kuzima mojamoja seli zake, vijenzi vidogo vinavyobeba namba. Ulikuwa na tabaka mbili za seli 650 kila moja, jumla 1,300. Kila walipozima seli waliupima kwa kazi ileile: kiima kikiwa mbali na kitenzi chake, na katikati pamejaa maneno mengine, je, kitenzi kiwe cha umoja au cha wingi? Karibu seli zote zilizimwa pasipo athari kubwa. Ni mbili tu ambazo kila moja ilipozimwa peke yake, upatanisho wa mbali uliporomoka. Moja ilikuwa inabeba umoja, nyingine wingi.

Hakuna aliyezipa kazi hiyo. Mtandao haukuambiwa kiima ni nini, haukupewa mchoro wa sentensi, wala haukusahihishwa na mwalimu wa sarufi. Shughuli yake pekee ilikuwa kukisia neno linalofuata, na kila ulipokosea namba zake zilirekebishwa kidogo. Katika kupunguza makosa hayo ukajiundia chombo cha kushika idadi ya kiima mpaka kitenzi chake kifike.

Naanza na seli hizi kwa sababu ubishi kuhusu mitandao inayojirudia umekwama mahali pasipofaa. Upande mmoja unasema mitandao hii ni kasuku: imemeza mabilioni ya vipande vya maneno yaliyozoea kukaa pamoja, na kinachoonekana kama sarufi ni mwangwi wa mazoea hayo. Upande wa pili unasema kwamba kukisia vizuri katika lugha yenye muundo hakuwezekani bila kuushika muundo wenyewe, japo kwa sehemu. Upande wa kwanza una ushahidi mzito, na nitaueleza bila kuupunguza. Lakini wa pili haujasikilizwa ipasavyo, nami naona sababu yake ni kwamba tumekuwa tukihesabu majibu sahihi ya mtandao badala ya kuyachunguza makosa yake.

Mtandao unaojirudia husoma neno moja kwa wakati na hauna njia ya kurudi nyuma kusoma upya. Ndani yake mna orodha ya namba, tuiite hali. Neno jipya likiingia huchanganywa na hali ya zamani, ikazaliwa hali mpya, na kanuni ya kuchanganya ni ileile kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Chochote cha kukumbukwa lazima kikae ndani ya hali hiyo. Hapo ndipo ugumu ulipo. Maneno huja kwa mstari, lakini sentensi haikujengwa kwa mstari. Kishazi huingia ndani ya kishazi, na jina lililo jirani na kitenzi mara nyingi silo linalokitawala.

Mwanafalsafa Jerry Fodor na mwanasayansi wa utambuzi Zenon Pylyshyn waliweka pingamizi lao dhidi ya mitandao ya neva mwaka 1988, na mpaka leo sijaona pingamizi lililofikiriwa vizuri kuliko hilo. Anayeelewa kwamba Juma anampenda Asha, walisema, hawezi kukosa kuelewa kwamba Asha anampenda Juma. Uwezo huo wa pili hauji kwa bahati. Unatokana na jinsi fikra ilivyoundwa kwa vijenzi vinavyoweza kubadilishana nafasi. Mtandao wa neva, kwa hoja yao, unaweza kufunzwa sentensi ya kwanza ukaikosa ya pili, na hakuna chochote katika umbile lake kinachozuia hilo. Hawakusema mitandao haiwezi kamwe kupata jibu. Walisema kwamba hata ikipata, hakuna kinachoilazimisha kupata. Wengi wanaonukuu hoja hii leo huisahau tofauti hiyo.

Miaka miwili baadaye Jeffrey Elman, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, alichapisha jaribio dogo ambalo kwangu ndilo lililofungua mlango. Alitengeneza lugha ya maneno 29, akatoa kwayo sentensi 10,000 za maneno mawili au matatu, akaziunganisha zikawa mfululizo mmoja usio na alama ya kutenganisha. Mtandao wake ulikuwa na tabaka la kati ambalo kila hatua lilinakiliwa na kurudishwa kama kumbukumbu ya hatua iliyotangulia. Kila neno lilikuwa msimbo tu, na hakuna misimbo miwili iliyofanana zaidi kuliko mingine. Kwa hiyo mtandao haukuwa na njia ya kujua kutokana na umbo la neno kwamba mbwa na paka ni jamii moja.

Alipouchungulia ndani baada ya mafunzo, Elman alikuta maneno yamejipanga. Vitenzi upande wake, majina upande wake. Kati ya majina, vyenye uhai vimejitenga na visivyo na uhai. Kati ya vyenye uhai, watu huku na wanyama kule. Kisha akaingiza neno ambalo mtandao haujawahi kuliona, "zog", akaliweka kila mahali palipokuwa na neno la mwanamume, bila kuufunza mtandao upya. Hali za ndani zilizotokana na neno hilo geni ziliangukia palepale neno la mwanamume lilipokuwa.

Lugha ya maneno 29 ni ndogo sana na haitoshi kumjibu Fodor. Ila jaribio la zog linagusa moja kwa moja shutuma ya kukariri, kwa sababu hakuna sentensi yenye zog iliyowahi kukaririwa. Neno lilipewa hadhi kutokana na nafasi lililoshika kati ya mengine.

Upande ninaoutetea nao umewahi kujipendezea kuliko ushahidi wake. Mwaka 1993 Elman alitoa matokeo yaliyopendwa mno: mtandao ulioanza na sentensi ngumu ulishindwa, ulioanza na nyepesi, au ulioanza na kumbukumbu fupi iliyokua polepole, ukafaulu. Yalifanana vizuri na makuzi ya mtoto. Mwaka 1999 Douglas Rohde na David Plaut walirudia kazi hiyo wakapata kinyume chake. Mitandao iliyoanza moja kwa moja na lugha nzima ilifanya vyema zaidi, hasa maneno yalipokuwa na vizuizi vya maana kama yalivyo katika lugha halisi. Hadithi nzuri iliondoka, na tulibaki na jambo lenye faida zaidi, yaani kwamba ugumu wa data wenyewe unaweza kuwa mwalimu.

Kikwazo kikubwa cha miaka ile kilikuwa cha hesabu. Ili mtandao ujifunze kwamba neno la kwanza linatawala neno la ishirini, ishara ya kosa lazima irudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua huizidisha kwa namba fulani. Namba hiyo ikiwa chini ya moja, ishara hufifia haraka: 0.9 ikizidishwa kwa nafsi yake mara 50 inabaki karibu 0.005. Sepp Hochreiter alilibainisha tatizo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1991 huko Munich, na Yoshua Bengio na wenzake wakalichambua mwaka 1994. Watu wengi waliamua hapo kwamba mitandao hii haiwezi kabisa kushika uhusiano wa mbali. Kwa hakika kilichokosekana kilikuwa njia ya kujifunza. Uwezo wenyewe wa kushika haukuwa umekanushwa na hesabu hiyo.

Njia ilipatikana mwaka 1997, Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walipobuni LSTM, aina mpya ya mtandao unaojirudia. Ndani yake mna kumbukumbu inayobadilishwa kwa kujumlisha, hivyo ishara haifi njiani, na mna malango yanayoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Lango la kusahau liliongezwa baadaye na Felix Gers pamoja na Schmidhuber na Fred Cummins. Mwaka 2001 Gers na Schmidhuber walionyesha kwamba mtandao wa aina hii unajifunza mfuatano wenye a kadhaa zikifuatwa na b za idadi ileile, tena unaendelea kupata katika mifuatano mirefu kuliko yoyote iliyokuwa kwenye mafunzo. Ulikuwa umejifunza kuhesabu, na ukariri haufiki kwenye urefu ambao haujawahi kuonekana.

Sasa zirudiwe zile seli mbili za mwanzo, maana mtandao wake nao ulikuwa wa LSTM, na wengi huzitaja na kupita. Lakretz na wenzake hawakuishia kuzizima. Waliyatazama malango yake wakati sentensi inasomwa. Kiima kikifika, lango la kuingiza hufunguka na idadi yake huandikwa. Halafu lango la kuingiza hufungwa, la kusahau hubaki limeshikilia kilichomo, na majina mengine yanapita katikati bila kuigusa kumbukumbu hiyo, hata yakiwa ya idadi tofauti. Kitenzi kikishapita, kumbukumbu inafutwa. Walikuta pia seli nyingine ambayo mwenendo wake ulifuata muundo wa sentensi, ukiashiria kwamba tungali kati ya kiima na kitenzi chake. Kinachotunzwa na wakati wa kukitunza vimegawanywa kwa seli tofauti. Mwanasarufi akiombwa achore mashine ya kupatanisha kiima na kitenzi, sidhani atachora kitu kilicho mbali sana na hiki.

Vipimo vya nje navyo vilikuwa vimeanza kuelekea huko. Mwaka 2016 Tal Linzen, Emmanuel Dupoux na Yoav Goldberg waliupima mtandao wa LSTM kwa upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza. Ulipofunzwa mahsusi kwa kazi hiyo ulikosea chini ya asilimia 1 kwa jumla. Makosa yaliongezeka pale jina lililo jirani na kitenzi lilipopingana na kiima, na yalipanda kwa kasi pale mtandao ulipofunzwa kukisia maneno tu. Wenye shaka walishika sehemu hiyo ya mwisho. Miaka miwili baadaye Kristina Gulordava na wenzake, Linzen akiwemo, walirudi na mtandao uliofunzwa vizuri zaidi, wakaupima katika Kiitaliano, Kiingereza, Kiebrania na Kirusi. Safari hii sentensi zilikuwa za upuuzi. Kila neno la maana lilibadilishwa kwa lingine la aina yake lililookotwa bila mpango, muundo ukabaki na maana ikatoweka. Mazoea ya maneno kukaa pamoja hayakuwa na msaada tena. Mtandao bado ulipata kwa kiwango kizuri, na katika Kiitaliano, ambako walipima na watu pia, haukuachwa mbali nao.

Ushahidi wa upande wa kwanza, wa wenye shaka, unanisumbua kwa dhati. Brenden Lake na Marco Baroni, mwaka 2018, walitunga lugha ndogo ya amri 20,910, za aina ya "tembea mara mbili" au "geuka kushoto kisha kimbia", na mtandao ulitakiwa kuzigeuza kuwa mfululizo wa vitendo. Amri za mafunzo na za majaribio zilipogawanywa bila mpango, mitandao ilipata zaidi ya asilimia 99. Kisha wakafanya jambo moja. Kitenzi cha kuruka kilifunzwa kikiwa peke yake tu, huku vitenzi vingine vikifunzwa katika miundo yote. Majaribio yakadai "ruka mara mbili", "ruka kisha tembea". Mtandao uliofanya vizuri kuliko yote katika sehemu hiyo ulipata asilimia 1.2.

Mtu aliyefundishwa neno jipya la kitendo leo anaweza kukitenda mara mbili papo hapo. Hili ndilo pingamizi la Fodor na Pylyshyn likiwa limegeuzwa kuwa namba. Na Thomas McCoy, Robert Frank na Linzen waliongeza uzito mwaka 2020. Waliifunza mitandao kugeuza sentensi za Kiingereza kuwa maswali, kwa mifano inayokubaliana na kanuni mbili, moja ya kuhesabu maneno kwa mstari na nyingine ya kufuata muundo. Mitandao ya kawaida haikuwa na msimamo. Ilielekea huku au kule kutegemea umbile lake, na mara nyingine kutegemea tu namba za nasibu ilizoanza nazo. Iliyoegemea muundo katika kazi zote ni ile tu iliyojengewa mti wa sentensi ndani yake tangu mwanzo.

Mwenye shaka akiishia hapo, ana haki ya kusema kwamba ameshinda raundi hii. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba basi na yale ya nyuma yote yalikuwa kukariri. Kitenzi cha kuruka katika jaribio la Lake na Baroni hakikuwahi kuwa na jirani. Zog ya Elman ilipewa majirani kila ilipotokea, na mtandao huu hupima neno kwa majirani zake, basi. Usipoupa hata mmoja, umeupokonya chombo chake pekee. Hiyo ni kasoro halisi: mtu anajua kwamba kitendo ni kitendo hata akikisikia mara moja kikiwa peke yake, na mtandao haujui. Ila ni kasoro ya namna unavyoliingiza neno katika kundi. Makundi yenyewe umekwisha kuyajenga, la sivyo usingepata zile asilimia 99. Mwaka 2023 Lake na Baroni haohao walichapisha katika jarida la Nature mtandao, safari hii wa umbile jingine, uliofunzwa kwa mtiririko wa kazi ndogondogo zenye maneno mapya kila mara, ukafikia kiwango cha watu katika kuunganisha maneno mapya. Mafunzo yalibadilika na uwezo ukaja. Fodor angejibu kwamba bado hakuna kilichoulazimisha, na angekuwa sahihi.

Sasa kuhusu makosa. Aliyekariri hukosea mahali penye kitu kipya na hupata mahali penye kitu alichozoea. Mwenye chombo hukosea mahali chombo chake kinapofika mwisho wa uwezo, hata kama kila neno ni la kawaida. Mwaka 2021 Lakretz na wenzake walifanya kazi inayotenganisha hali hizo mbili. Ikiwa upatanisho wa mbali unategemea seli chache kiasi kile, walisema, basi kuna sentensi ambazo lazima zitaushinda mtandao: zile zenye upatanisho wa mbali mmoja ndani ya mwingine. Seli zikishashikwa na kiima cha nje, kiima cha ndani hakina pa kukaa. Wakajaribu katika Kiitaliano, na mtandao ukaanguka palepale ulipotabiriwa kuanguka, kwenye upatanisho wa ndani, wakati wa nje ulibaki umesimama.

Naomba msomaji alipime hilo. Nadharia ya kukariri isingetabiri kwamba kitenzi cha nje, kilicho mbali zaidi na kiima chake, kitaokoka huku cha ndani, kilicho karibu zaidi, kikianguka. Mazoea ya maneno jirani yangetaka kinyume. Utabiri ule ulitoka kwenye ramani ya chombo, na ukatimia.

Walipowapa watu sentensi zilezile, watu nao walikosea kwa namna inayofanana sana. Hapa lazima niseme nusu iliyobaki. Katika sentensi ngumu kuliko zote, watu walibaki juu ya kiwango cha kubahatisha, na mtandao ukashuka chini yake. Tofauti hiyo si ndogo, maana kushuka chini ya kubahatisha ni dalili kwamba chombo kilikuwa kinatoa jibu la kiima kisicho chake, tena kwa uhakika. Watu wana kitu cha ziada. Huenda ni uwezo wa kufungua nafasi mpya ya kumbukumbu pale ya kwanza ikijaa, na mtandao ule haukuwa umejifunza kufanya hivyo.

Haukujifunza, lakini je, hauwezi? Tangu Noam Chomsky mwaka 1957 imekuwa kawaida kusema kwamba mashine yenye hali zenye kikomo haiwezi kumudu sarufi ambayo kina chake hakina kikomo. Ni kweli kwa sarufi ya kwenye karatasi. Watu wanaosema na kuandika wana kikomo. Fred Karlsson alipochunguza maandishi ya lugha kadhaa za Ulaya mwaka 2007, alikuta vishazi vilivyopachikwa katikati ya vingine haviendi zaidi ya ngazi tatu, na katika mazungumzo haviendi zaidi ya mbili. Mwaka 2020 John Hewitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walithibitisha kihesabu kwamba kwa lugha ya mabano yanayofunguliwa na kufungwa ndani ya mengine, yenye aina k za mabano na kina kisichozidi ngazi m, mtandao unaojirudia unahitaji seli kwa kadiri ya m mara logi ya k tu, na kwamba hakuna mashine ya aina yoyote inayoweza kutosheka na kumbukumbu iliyo ndogo kuliko hiyo kwa tofauti kubwa. Kumbukumbu yenye kikomo, ambayo imesemwa kwa miongo kuwa ndiyo aibu ya mitandao hii, kumbe inatosha kwa kina ambacho wanadamu hukitumia. Uthibitisho huo unahusu kuweza. Kujifunza ni suala jingine, na pengo kati ya hayo mawili ndipo utafiti unapostahili kuwa.

Atauliza mtu kwa nini kujishughulisha na haya wakati transfoma, mitandao ya umbile jingine iliyotokea mwaka 2017, zimeshika karibu kila kazi ya lugha. Zenyewe hutazama sentensi nzima kwa pamoja, hazibebi hali. Ila gharama yake hupanda kwa mraba wa urefu wa maandishi, na ndiyo maana miundo inayobeba hali imerudi: muundo uitwao Mamba mwaka 2023, na mwaka 2024 Hochreiter mwenyewe na wenzake wakatoa xLSTM. Nayo transfoma ina mipaka yake ya kihesabu kwa miundo iliyopachikana, kama Michael Hahn alivyoonyesha mwaka 2020. Swali la nini kinaweza kubebwa ndani ya hali yenye kikomo lingali hai.

Kwetu sisi tunaosema Kiswahili, swali hili lina sura ambayo Kiingereza hakiwezi kuionyesha. Kiima kikiwa jina, kitenzi cha Kiingereza hukiuliza jambo moja tu, umoja au wingi, na seli mbili zikatosha. Kitenzi chetu huuliza ngeli. Tena umbo la nje halitoshi kuijibu: kijiko kimepotea lakini kijana amepotea, kiboko cha kuchapia kimekatika lakini kiboko wa mtoni amelala. Mtandao unaofuata silabi ya kwanza utakosea hapo mara moja, na usiokosea utakuwa umeshika jambo lisiloandikwa kwenye neno.

Matokeo ya lugha nyingine yanavuta pande mbili. Shauli Ravfogel, Goldberg na Francis Tyers walipima Kibaski mwaka 2018, lugha ambayo kitenzi chake hubeba viambishi vya washiriki kadhaa, wakakuta mtandao unafanya vibaya kuliko katika Kiingereza na unaegemea dalili za karibu. Mwaka uliofuata Ravfogel, Goldberg na Linzen walibadilisha Kiingereza kwa makusudi kukifanya kifanane na lugha za aina mbalimbali. Mtandao uliotakiwa kupatanisha kitenzi na kiima na yambwa kwa pamoja ulifanya vizuri kuliko uliopatanisha kimoja kimoja. Kitenzi chetu kinaweza kubeba vyote viwili, kama katika "walivinunua". Naegemea kuamini kwamba wingi wa viambishi vyetu ni msaada kwa mtandao, kwa sababu ngeli ya kiima hukumbushwa njiani kabla kitenzi kikuu hakijafika. Katika "Vitabu ambavyo walimu wa kijiji walivinunua vimepotea", alama ya vi imetajwa mara mbili kati ya vitabu na vimepotea.

Sentensi hiyohiyo ndiyo ningeanza nayo kupima. Kiima cha nje ni vitabu, cha ndani ni walimu, na kijiji kimekaa katikati kumvuruga anayefuata jirani. Iwekwe kando ya "Mgeni ambaye walimu wa kijiji walimwalika amechelewa", ambamo viima vyote viwili ni vya ngeli ya A-WA na vinatofautiana kwa idadi tu. Kama mtandao una mbebaji mmoja wa upatanisho wa mbali, kitenzi cha ndani kitaanguka katika sentensi zote mbili. Kama kila ngeli imejipatia mbebaji wake, walivinunua itaokoka mara nyingi kuliko walimwalika, kwa sababu vitabu havitakuwa vimekalia nafasi ya walimu. Na ikionekana hakuna seli yoyote ambayo kuizima kunaleta tofauti, huku makosa yakifuata uhaba wa maneno tu, wenye shaka watakuwa wamepata ushahidi wa kukariri ambao Kiingereza hakijawapa.